Uko Nani, na Nani Alikuambia?

Mti umelala kukatiza njia. Haukuangushwa na upepo, hauna mizizi wala majani, na kila mtu anayeufikia anashuka chini na kuuvulia kofia. Ni nini? Mwaka ule wa elfu mbili na moja, kati ya Butembo na Beni, hata mtoto wa miaka minne angekujibu bila kukuna kichwa: ni bariera. Na nyuma ya kila bariera alikaa askari mwenye swali moja tu. Uko nani?

Joyeuse Katungu naye alikuwa na swali hilohilo, ila yeye alilipata shuleni.

Alikuwa mwaka wa mwisho wa Kiingereza katika institut moja, chuo cha Butembo, msichana mrefu, mwepesi wa kucheka, na mémoire yake, andiko la kumalizia masomo, ilihusu michezo ya kuigiza wanayoiandika Waamerika wa siku hizi. Mchezo aliouchagua alikuwa nao kwa fotokopi zilizoshonwa kwa uzi. Ndani yake baba mmoja, muuza magari, amekufa. Miaka arobaini kila mtu alimchukua kuwa Mzungu, hata mke wake. Siku ya matanga watoto wanafungua kopo la biskuti, wanakuta picha ya mama yake: mwanamke mweusi amesimama mbele ya kanisa la mbao. Basi wanakaa mezani, chakula kinapoa, wanaulizana. Baba yetu alikuwa nani? Na sisi, kuanzia leo, ni nani?

Mwalimu aliyemwongoza, Assistant Zorobabel, alikaa Beni. Alimrudishia kurasa zake na maneno mekundu pembeni: "Na watu wa kwetu? Linganisha." Joyeuse akachukua calepin, kijidaftari cha mfukoni, akazunguka mtaa wao wa Mususa mlango kwa mlango, akawauliza watu ishirini: uko nani, na nani alikuambia? Watu walimpenda. Walimkalisha, walimpa viazi vya moto, walimweleza mambo ambayo hata padri hakuwahi kuyasikia. Aliyaandika kwa Kiingereza, akaficha majina ya ubatizo na ya ukoo, akaacha yale ya kuzaliwa tu, ambayo ukiyaita sokoni nusu ya soko inageuka. Aliona amewaficha vizuri, kama punje ya haragi ndani ya gunia la maharagi.

Jumamosi, saa nne asubuhi, akaja Delphin.

Huyu Delphin Lusenge alikuwa amekaa naye benchi moja miaka miwili, kisha akaacha shule akaenda kufanya kazi katika bureau ya mouvement, yaani wale wenye bunduki waliotawala mji. Alisimama mlangoni na viatu vipya, hakutaka kiti.

"Katungu, unakonda. Kiingereza inakula weye mwili."

"Na weye mouvement inakulisha. Angalia tumbo!"

Delphin akacheka, akakikata kicheko katikati. "Commandant anakuita. Lundi, keshokutwa, saa tatu, ku bureau."

"Juu ya nini?"

"Batu banasema kuko binti anapita mu Mususa, anaandika asili ya batu. Nani alizaliwa wapi, mama yake wa wapi. Mu wakati hii, Katungu! Unafikiri ile ni kazi ya nani?"

"Ni ya shule. Unaijua, tulifanya cours pamoja."

"Mi minajua. Mais yeye hajue. Chapitre ya tatu ya mémoire yako nimeichukua asubuhi kwa yule anakupigiaka mashine. Iko juu ya meza ya Commandant. Ni Kiingereza, donc Lundi mi njo nitamufasiria, neno kwa neno."

"Umeisoma?"

"Bado." Akamwangalia. "Kuko kitu nisisome?"

"Hapana," Joyeuse akajibu, na alijibu mbio mno.

Nyumba ya tatu kutoka kwao ilikuwa ya Siméon Kasereka, seremala, mtu wa miaka arobaini hivi, mpole, asiye na mke. Mwaka ule alitengeneza vitanda vichache na masanduku ya wafu mengi. Ndiye wa kwanza aliyesomewa mchezo ule. Joyeuse alikuwa akikaa juu ya mbao, anamfasiria ukurasa kwa ukurasa, naye anapiga randa. Walipofika kwenye kopo la biskuti, randa ikasimama. Siku ile Siméon akamwambia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu Butembo nzima. Mama yake alitoka upande ule vita ilikotokea, kwa watu ambao sasa wanatajwa kwa sauti ya chini, au kwa panga. Yeye alikuwa mtoto wake mmoja tu. Alipokufa mama, Siméon akapanda huku milimani akiwa na miaka kumi na tisa, na jina la mama hakulitamka tena. Nani alikuambia uko nani? Hakuna mtu, alijibu, nilijiambia miye mwenyewe. Joyeuse akaandika, na machozi yakamdondokea kwenye calepin.

Jumamosi hiyo, Delphin alipoondoka, Joyeuse alimkuta Siméon anapiga msumari. Akamweleza yote, habari ya Delphin na ya Lundi.

"Mais jina yako hapana," akaongeza upesi. "Nimeandika Kasereka, basi. Makasereka ni wangapi mu Butembo? Hata askari wakuje na lori, Makasereka hawataenea ndani."

"Soma vile uliandika."

Akafungua calepin. "Kasereka, seremala. Mtoto wa pekee wa mama yake."

Siméon akaweka nyundo chini polepole, kama mtu anayelaza mtoto.

"Joyeuse. Kasereka ni kijana wa ngapi?"

Ndipo Joyeuse akayasoma upya maneno yake. Kwa Wanande, wenyeji wa milima hii, mtoto hapewi jina la kuzaliwa ovyo, anapewa la zamu yake. Kasereka ni kijana wa tatu. Mbele yake lazima wawe wamepita wawili. Kasereka mtoto wa pekee ni ngazi ya tatu isiyo na ya kwanza wala ya pili: nani ameiona? Askari wa mbali angesoma pale na kupita. Mnande, kama Delphin, angejua palepale kwamba mtu huyu hakuzaliwa na jina lile, na maseremala wa Mususa wasio na ndugu si gunia la maharagi. Ni mmoja.

"Nani alikupa jina?" Joyeuse akauliza kwa nusu sauti.

"Mama Tamar, wa Vuhovi. Nilianguka kwake mulangoni na homa. Alikuwa na vijana wawili. Akaniosha, akasema: weye uko wa tatu yangu." Akafuta vumbi la mbao kwenye mikono. "Ile sikukuambia. Nilikuambia ya mama yangu tu. Nilitaka mara moja mutu aiandike."

"Kimbia, baba. Leo."

"Nikikimbia mbele ya Lundi, nimejibu. Batauliza nani alinificha miaka makumi mbili. Batashuka Vuhovi, batachoma kwa Mama Tamar juu ya miguu yangu."

"Nitasema nini, miye?"

"Mi ni wa mbao, mwanangu," Siméon akasema. "Mambo ya michezo iko yako."

Jumapili Joyeuse alikaa misa nzima bila kusikia hata Injili.

Lundi ukungu ulikuwa bado umeshika mabati alipofika bureau. Ilikuwa nyumba ya mfanyabiashara mmoja aliyekimbilia Kampala. Kwenye veranda alikaa mwanamume kwenye benchi, viatu vyake vimetolewa kamba, anaangalia ukuta. Joyeuse akamsalimu Kinande, "Wavukire." Mtu yule akazidi kuangalia ukuta. Askari wa zamu akacheka.

Commandant alikuwa mtu mdogo, wa sauti laini, kucha zimekatwa safi. Joyeuse alikuwa amejitayarisha kwa kelele. Ule upole ndio uliomtia baridi.

"Vanda, mwana. Kaa. Hapana kuogopa, ni mambo ya masomo tu. Delphin, anza."

Delphin akasoma kurasa akizifasiri, mtu kwa mtu. Commandant alitikisa kichwa kama mwalimu siku ya mtihani. Kwa bibi kizee aliyesema yeye ni mbuzi wa wakwe zake, alicheka mpaka akajifuta macho. Kwa kijana aliyesema baba yake alitoka Lubero na mama hamjui, aliandika kitu kwenye karatasi yake, neno moja, akapigia mstari. Wa kumi na moja. Wa kumi na mbili. Joyeuse alikuwa anahesabu.

"Wa kumi na ine," Delphin akasema. "Kasereka, seremala..."

Kidole chake kilibaki juu ya mstari, na Joyeuse akaona ukucha unageuka mweupe.

"Soma," akasema Commandant.

Hapo Joyeuse akacheka. Hakujua kicheko kimetoka wapi, lakini kilikuwa kile chake cha siku zote, nacho kikajaza chumba.

"Delphin amepotea njia, mon commandant! Pale Kiingereza yangu ni mbaya, anaona haya kusema. Yule si mutu wa Mususa. Ni Mwamerika."

"Mwamerika anaitwa Kasereka?"

"Nimemubatiza miye. Ni ule baba wa mu mchezo, mutoto wa pekee, anaficha mama yake miaka makumi ine mpaka anakufa. Assistant alisema: linganisha. Donc nikamupa jina ya hapa, nikamukalisha na batu ba hapa, kusudi msomaji aone kama anafanana nao." Akatoa zile fotokopi, akaziweka mezani kwa mikono miwili. "Mchezo wenyewe njo hii."

Commandant akafunua kurasa. Hakujua Kiingereza, hilo lilionekana, lakini aliangalia kila ukurasa mpaka chini.

"Na huko Amerika, ni seremala?"

"Ni seremala," akasema Joyeuse. Chumbani mle ni yeye peke yake aliyejua kwamba yule baba aliuza magari.

"Delphin. Weye ulifanya cours hii. Ni kweli?"

Nje mtu akakohoa kwenye veranda. Delphin alikuwa akiiangalia karatasi, wala hakuinua kichwa.

"Ni kweli, mon commandant. Ni mutu wa mchezo."

"Bon." Commandant akasukuma kurasa kando. Alimtazama Joyeuse kwa muda, akitabasamu, kama mtu aliyeonja mchuzi na bado anatafuta ni nini kimetiwa ndani. "Unajua nimeona nini, mwana? Siye tunauliza batu na fimbo, banatuambia uongo. Weye unauliza na calepin, banakupa mpaka mama yao. Hiyo haifundishwi. Hiyo ni zawadi."

Akavuta droo, akatoa daftari jipya la jalada la buluu. Ukurasa wa kwanza ulikuwa umeshaandikwa majina ya nyumba za avenue mbili za Mususa, kwa mwandiko mzuri.

"Uliza vile unaulizaka. Uko nani, na nani alikuambia. Mais hapa utaandika majina yote, na mu Swahili. Utaanza leo."

"Mon commandant, Assistant ananingoja Beni. Mémoire yangu..."

"Atangoja. Bariera zote za Beni ni zetu."

Nje Delphin alitembea karibu naye bila kumwangalia.

"Kasereka mutoto wa pekee," akasema, meno yamebana. "Unafikiri sikuona? Nimesema uongo mara moja. Ya pili itakuwa shingo yangu. Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Seremala aende. Sasa hivi, kungali jua, batu banatembea. Sitaangalia upande ile. Kiisha unaanza kazi, na mi niko nyuma yako. Commandant ananiambia nikufuate nyumba kwa nyumba."

Joyeuse alipompa habari, Siméon hakukawia. Alitia randa na msumeno kwenye mfuko, akabeba fremu ya mlango begani, kwa sababu mtu mwenye fremu begani anaonekana tu anaenda kazini. Karakana aliiacha wazi, na gundi motoni.

"Mu ile karatasi, ningali ndani?" akauliza.

"Uko ndani. Mais uko Mwamerika."

Akatikisa kichwa, karibu acheke, akashika njia ya migombani kuelekea Vuhovi. Joyeuse aliona fremu ile ikipanda na kushuka kati ya majani, halafu hakuiona tena. Kama alivuka bariera ya bondeni au hakuvuka, siku ile hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Nyumba ya kwanza kwenye daftari ilikuwa ya Mama Jokébed, mjane anayekaanga mikate. Mara ya kwanza alimzuia Joyeuse saa mbili nzima, akamtolea wajukuu watatu mmoja mmoja, akamwonyesha meno yao, akamwambia baba yao alitoka wapi na kwa nini harudi. Sasa alisimama mlangoni na unga mikononi. Aliangalia jalada la buluu. Aliangalia ng'ambo ya njia, alikosimama Delphin na viatu vyake vipya. Uso wake ukafungwa.

"Karibu," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka njiani. "Andika. Niko Jokébed. Nilizaliwa hapa, mama yangu alizaliwa hapa, na mama yake. Bote ba hapa."

Joyeuse akaketi, akaandika. Kalamu haikutaka kushika karatasi, ilibidi aikandamize. Sufuria ya mafuta ilikuwa inaungua, na hakuna aliyeiondoa.

"Na batoto mu nyumba?" akauliza, kwa sababu Delphin alikuwa amesogea hatua mbili.

"Hapana batoto," akasema Mama Jokébed.

Nyuma ya pazia mtoto alikohoa mara moja, kisha mkono ukamziba mdomo. Wanawake wawili wale wakaangaliana. Joyeuse akainama juu ya daftari, na kwa mwandiko mkubwa, unaosomeka vizuri, akaandika: hakuna watoto.