Mama Mkwe Chini ya Diski

Studio yangu ya picha ina chumba kimoja, pazia la buluu, na kompyuta ambayo kila asubuhi ilinitaka niipachikie, yaani niiunganishie, diski kubwa ya nje ya kuhifadhia picha kwa mkono: bonyeza hapa, andika neno la siri, subiri. Wifi yangu ni fundi wa kompyuta, na mara tatu alijitolea kuja kuitengeneza ili diski ijipachike yenyewe. Nikakataa. Wifi akikufanyia jambo moja, utalisikia mpaka siku ya mazishi yako.

Basi Jumatatu nikajifanyia mwenyewe. Kuna faili moja ambalo kompyuta hulisoma inapowaka. Humo nikaongeza mstari wa kuieleza kwamba diski kubwa ikae ndani ya folda iitwayo Ghala. Nilikosea herufi moja, kompyuta ikagoma kuwaka. Nikarekebisha kwa hasira, na mwisho wa mstari nikabandika agizo jingine: diski usipoiona, usinisumbue, endelea tu. Ikawaka. Nikajiona profesa.

Jumatano akaja mama mkwe kupigwa picha ya kutundika sebuleni. Miaka kumi na moja nimemjua, hajawahi kuonyesha meno mbele ya kamera. Mdomo huufunga kama sanduku la safari. Siku hiyo alicheka. Sisemi alitabasamu, alicheka mpaka akashika ubavu, nami nikabonyeza. Nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu. Nikazihamishia picha kwenye Ghala, programu ikasema tayari, nikafuta kadi ya kamera, nikafunga studio.

Alhamisi asubuhi, nikifagia nyuma ya meza, nikaona waya wa diski umelegea. Nikaukandamiza, nikawasha kompyuta. Diski ikajipachika kama nilivyoagiza. Ndani ya Ghala kulikuwa na maharusi wote wa mwaka juzi, lakini mama mkwe hayumo.

Na picha yake anaijia saa tisa. Nilipekua hadi pipa la taka la kompyuta. Mtu wa miaka sabini na mbili utamwambiaje, "Mama, kaa hapa ucheke tena"? Nililia kidogo nyuma ya pazia, sioni aibu kusema. Halafu, kwa kuwa mficha uchi hazai, nikampigia wifi.

Alifika na kibegi chake, akakalia kiti changu bila kukaribishwa.

"Nani aliandika mstari huu?"

"Mimi."

"Mmh." Mguno ule ulikuwa na vyumba vitatu na sebule. "Na huu waya ulilegea lini?"

"Labda Jumanne. Nilisogeza meza."

"Haya, sikiliza, wifi. Ghala ni kama kitanda, na diski ndiyo godoro. Jumatano godoro halikuwepo, na wewe mwenyewe ulishaikataza kompyuta isikwambie. Picha ukazilaza kwenye chaga. Leo godoro limerudi, limezifunika."

"Kwa hiyo zipo?"

"Diski ndogo ya humu ndani imejaa ghafla. Kuna kitu kinaikalia."

Akaandika agizo la kuipachua diski kubwa. Maharusi wote wakatoweka, kisha nikaona Ghala limebaki na folda moja tu, ya Jumatano. Akaifungua.

Mama yake akajaa kwenye skrini, kichwa amekirusha nyuma, pengo la meno mawili liko wazi, amefumba macho. Nilikuwa nimejiandaa kwa mahubiri. Hayakuja. Wifi alivuta kiti karibu na skrini.

"Sijawahi kumwona hivi," akasema baadaye. "Hata baba alipokuwa hai. Ulimwambia nini?"

Ningeweza kudanganya, ulimi ulishaanza kujipanga. Lakini alikuwa ametoka kuniokoa sasa hivi.

"Nilikuigiza wewe," nikasema. "Unavyotengeneza kompyuta za watu. Shingo, pua, na jinsi unavyoongea."

Akanigeukia, nikaanza kutafuta maneno ya kuomba radhi.

"Nichapie na mimi moja," akasema. Akatazama saa ya ukutani, kisha akaondoa kibegi chake mezani na kukiweka chini, kama mtu asiye na haraka ya kuondoka. "Na akija hiyo saa tisa, niigize tena. Nataka nimwone mwenyewe."