Fungate ya Verna na Orrin

Verna na Orrin walioana wakiwa na miaka sabini na ushee, fungate yao wakapanga kuizunguka Kansas mwezi wa Mei ndani ya gari-nyumba la Orrin. Verna, mtu wa Oregon, alitaka mito na vivuli. Orrin, mzaliwa wa Kansas, alitaka bafu la zege.

"Kambi hii ina miti mizuri," Verna alisema, kidole kwenye ramani.

"Ina pa kujificha?"

"Orrin, tumeoana au nimejiunga na jeshi?"

"Huku kwetu dhoruba za vimbunga huja alasiri. Tuendeshe asubuhi, mchana tuwe tumeegesha karibu na ukuta imara. Kwa upepo wa hapa, gari hili ni boksi tu, mpenzi."

Verna akakubali shingo upande. Siku ya kwanza waliegesha kwenye kambi isiyo na mti hata mmoja, ubavuni mwa bafu baya la zege. Verna akanuna mpaka chakula cha mchana.

Alasiri mbingu ikageuka kijani, king'ora cha kuonya kimbunga kikalia. Wakatimua mbio hadi bafuni. Upande wa wanaume ulikuwa umefungwa kwa matengenezo. Orrin akasita kwenye mlango wa pili.

"Humu ni kwa wanawake, Verna."

"Ingia, wewe!" Akamkamata mkanda, akamvutia ndani.

Ndani mlijaa ukoo mzima uliokuja kusherehekea miaka tisini ya bibi yao, Lavonne, aliyekuwa ameketi juu ya ndoo iliyofudikizwa.

"Karibu, kijana," alimwambia Orrin. "Sijapata kukaa chooni na wanaume wengi hivi tangu nizaliwe."

Watu wakaangua kicheko, mvua ya mawe ikitwanga paa.

Kimbunga kilipitia mbali, mashambani. Walipotoka, nyasi zilikuwa nyeupe kwa barafu. Gari lilikuwa limebonyea kila mahali, dirisha la juu limevunjika, na kitanda cha maharusi kimejaa barafu. Orrin akanywea, akingoja kulaumiwa. Verna akatazama kitanda, akamtazama mumewe, akacheka hadi akashika ukuta.

Binti wa Lavonne akachungulia. "Samahani, tuna mashine ya aiskrimu ya kuzungusha kwa mkono, na barafu yetu ya kuipozea imeyeyuka. Mngetugawia yenu?"

"Chukueni kitanda kizima!" Verna akasema.

Akazungusha mpini mwenyewe mpaka mkono ukamuuma, akala mabakuli mawili, huku Orrin na Lavonne wakibishana kama aiskrimu inafaa kutiwa stroberi.