Mbao Inayobisha

Kwa miaka thelathini na moja mama huyu alishona kola tu. Kiwanda kilikuwa cha sare na kila mshonaji alikuwa na kipande chake. Shati zima hakuwahi kulimaliza hata siku moja. Alipostaafu, wanawe waliogopa upweke usije ukamla. Wakamnunulia nyuzi za kufuma, wakamletea miche ya maua, wakamwandikisha kwenye kwaya. Kila kitu alikivamia kwa pupa, na kabla ya mwezi wa tatu kikamchosha. Mdogo wake akamwita Moto wa Mabua, na jina likamganda. Alicheka pamoja nao, lakini moyoni lilimchoma. Alianza kuamini kwamba kiwanda kilikuwa kimemkamua, yamebaki makapi.

Siku moja alipeleka kiti kilichovunjika mguu kwa seremala wa mtaa wa nyuma, mzee mjane asiye na maneno mengi. Fundi alikuwa amezidiwa na kazi. Akampa msasa, akamwambia kama ana haraka aanze kusugua mwenyewe. Alisugua hadi jioni. Kesho yake akarudi, ingawa kiti kilishakwisha.

Kigoda chake cha kwanza kilipepesuka kama mlevi. Cha pili kilipasuka. Fundi hakumsifu wala hakumkemea. Alimwonyesha tu mbao inavyotaka kukatwa, akamwachia randa. Mwaka ukapita, na wa pili. Mdogo wake alipotaka kujua amelishwa dawa gani huko, alijibu:

"Kitambaa kilinitii miaka yote. Mbao inanibishia. Kila nikiamka nataka kujua leo itasemaje."

Mwaka wa tatu kifua kikamlaza fundi. Alipoona kwamba hatainuka tena, alimwita.

"Mama, jeneza langu tengeneza wewe."

"Sijafika huko, fundi."

"Najua. Usiharakishe. Hata mimi sina haraka."

Fundi hakuimaliza wiki ile. Mama alipiga randa siku mbili, mdogo wake akimshikia mbao upande wa pili, safari hii bila utani. Kifuniko kilipinda kidogo kwenye kona moja, naye hakuificha kasoro hiyo kwa rangi. Waliobeba hawakuiona, au waliiona wakanyamaza.

Jumatatu iliyofuata binti wa fundi alikuja kufunga karakana. Akamkuta mama huyo amekaa kwenye vumbi la mbao, macho yamevimba, droo aliyoiunda mwenyewe mapajani. Mama aliomba radhi, akaeleza kwamba droo ile inakwama upande wa kushoto na marehemu hakuwahi kumwambia kwa nini. Binti akamuuliza kama angeendelea kuja hata sasa, mzee akiwa hayupo.

"Ningekuja," alisema. "Ukiniruhusu."

Binti aliitazama droo, akamwachia ufunguo. Ilikuwa Alhamisi mama alipogundua kasoro ya droo ile, na Ijumaa akaanza kuunda droo nyingine.