Nakala Tatu za Mtazamaji Makini

Nahodha hakuwa na glavu. Hakuwa na akiba ya maji, hakuwa na choo, hakuwa na mtu wa kumpokea zamu, wala hakuwa na mlango hata mmoja uliofungika sawasawa. Alikuwa na koti la kung'aa na nywele zilizochanwa vizuri, na kwa hayo mawili akaiacha dunia kwenda kwenye nyota ya mbali, na watu arobaini nyuma yake.

Hiyo ilikuwa sehemu ya kwanza ya tamthilia mpya ya anga za juu, Jumamosi saa moja jioni. Niliitazama sebuleni nikiwa nimevaa shati la kutokea, kwa sababu mwishoni lingepita jina la mjukuu wetu miongoni mwa waandishi. Lilipita mbio. Mke wangu akapiga makofi. Mimi nikainuka, nikatoa taipureta kabatini.

"Hata chai hujamaliza," mke wangu akasema.

"Amefungua milango miwili kwa mpigo! Hewa yote imetoka. Watu arobaini wamekufa na bado wanaongea!"

"Ni maigizo, mzee."

"Maigizo sawa. Hewa ni hewa."

Nilikuwa fundi wa boila katika kiwanda cha nguo kwa miaka thelathini na mmoja. Kuandika nilijifunza ukubwani, darasa la jioni, mikono ikiwa bado inanuka mafuta. Kazini tulikuwa na utaratibu: ukiona hitilafu, unaandika ripoti nakala tatu. Nyeupe kwa mkuu, ya waridi kwa karakana, ya njano kwa ofisi. Mtambo ukienda vizuri, huandiki chochote.

Basi nikapanga karatasi na kaboni, nikaorodhesha makosa. Nyeupe nikaipeleka kwa mkuu wa kituo cha televisheni, ya waridi kwa waandishi, ya njano kwa ofisi ya watazamaji. Jina langu sikuweka, nisije nikamwaibisha mjukuu wangu kazini kwake. Nikatia sahihi: Mtazamaji Makini.

Nilifanya hivyo wiki sita. Sehemu tatu za mwanzo zilikuwa moshi na milipuko mitupu. Ya nne, milango ikaanza kufunguliwa mmoja mmoja. Ya tano, nahodha akapata glavu, na mtu mmoja akaonekana akitoka chooni. Nilicheka hadi nikapaliwa na chai. Ripoti ya sita ilikuwa na mistari miwili tu.

Halafu ikaja ya saba. Fundi wa chombo alikuwa anamaliza zamu, lakini hakuondoka mpaka mwenzake aliposoma geji kwa sauti. Mshale ulionyesha salama. Mwenzake hakuuamini. Akagonga kioo kwa kifundo cha kidole, mara mbili, na mshale ukaruka hadi kwenye nyekundu. Ndivyo nilivyogonga geji maisha yangu yote. Hata saa ya ukutani hapa nyumbani naigonga hivyo.

"Unalia?" mke wangu akauliza.

"Mafua."

Ya nane na ya tisa zilikuwa tamu vilevile. Sikuandika neno. Mtambo ulikuwa unaenda.

Jumapili mjukuu akaja, akajitupa kwenye kochi na mkoba wake begani.

"Babu, wanaikata tamthilia yetu. Kikao ni Alhamisi."

"Wanaikataje? Si ndiyo kwanza imenoga!"

"Waambie wao. Mkuu ana faili inayohesabu kila barua iliyoingia kituoni, hata zilizokuja kwetu waandishi: malalamiko kumi na manane, sifa hakuna hata moja. Kumi na manane, babu! Watu hawana kazi?"

Mke wangu akakohoa. Kikohozi kile nakijua, si cha kifua.

"Na wewe unawachukia hao waliolalamika?" nikauliza taratibu.

"Namjua mmoja tu. Anajiita Mtazamaji Makini. Karatasi zake za waridi nimezibandika ukutani. Yule mwandishi mkuu wetu wa kwanza, bwana wa milipuko, alipoondoka, mimi nilizifuata hizo tu. Lazima ni profesa mstaafu."

"Profesa," nikasema, nikijiweka sawa kitini.

"Profesa wa boila," mke wangu akadakia. "Mwulize ana kaboni ngapi kabatini."

Mjukuu akalitazama kabati, kisha akanitazama mimi. "Sita mara tatu... Babu! Yote kumi na manane ni yako?"

"Nyeupe, waridi, njano. Ndio utaratibu."

Alicheka mpaka akateleza kutoka kwenye kochi. Kisha kicheko kikamwisha. "Mbona ya saba hukuiandikia?"

"Haikuwa na kosa."

"Sasa wao wangejuaje?"

Miaka thelathini na mmoja, sijawahi kuandika kwamba kitu ni kizima. Na sasa niwaambie wakubwa kwamba umati wao wote wa wenye hasira ni mzee mmoja na taipureta yake? Wangenicheka hadi kwenye korido. Niligeuka kumtazama mjukuu wangu, bado amekaa sakafuni na mkoba wake. Nikatoa taipureta.

"Mheshimiwa Mkuu," niliandika, "malalamiko kumi na manane uliyonayo ni ya mtu mmoja, naye ni mimi. Kila kosa nililoripoti limerekebishwa. Sehemu ya saba, ya nane na ya tisa nimezikagua mwenyewe. Chombo ni kizima. Kiruhusiwe kuendelea na safari."

Nikatia sahihi kwa jina langu kamili, na chini yake: fundi wa boila mstaafu, babu wa mwandishi.

"Nakala ngapi?" mke wangu akauliza.

"Moja. Wasije wakahesabu tena."

Jumatatu asubuhi nilikuwa wa kwanza dirishani posta. Nikalamba gundi ya bahasha, nikaikandamiza kwa kidole gumba kutoka pembe hadi pembe, nikaigonga kwa kifundo, mara mbili, nikamkabidhi karani.

"Ya haraka," nikamwambia. "Ifike kabla ya Alhamisi."