Saa Kumi na Mbili Jioni

Kazi yangu nikiieleza, watu hudhani nawatania. Naandaa orodha ya siku zote ambazo serikali iliwahi kusogeza saa mbele au kuzirudisha nyuma, ili kompyuta zisikosee zinapohesabu nyakati za zamani. Bosi wangu hataki kusikia "nadhani". Anataka karatasi.

Mwaka niliozaliwa mimi ulinitoa jasho. Saa zilisogezwa mbele mara moja tu, eti kuokoa umeme, na gazeti la serikali, kwa Kiingereza, lilitaja Jumapili, saa 12.00, kwa saa za kizungu. Yaani saa sita ya usiku wa kuamkia Jumapili. Lakini madaftari ya posta na ya stesheni ya siku ile ni vurugu tupu. Nusu ya mji ilikuwa nyuma kwa saa nzima mpaka jioni. Nikamwomba mtunza nyaraka anitafutie gazeti la Kiswahili la Jumamosi yake.

Nilikuwa na sababu nyingine, na siifichi. Jumapili ile ndiyo aliyofariki baba. Mama, akiwa na mimba yangu ya miezi minane, alifika hospitalini saa nane kamili kwa saa yake ya mkononi, muda wa kuona wagonjwa, wa saa moja tu, ukianza. Saa ya ukutani ilisema saa tisa, na bawabu alikuwa anafunga mlango. Baba alikata roho kabla ya magharibi. Tangu hapo shangazi, dada yake baba, ana wimbo mmoja: wifi alichelewa. Mwanzoni mama alijitetea kwamba gazeti lilisema saa zisogezwe jioni. Wakamcheka, nani anabadilisha saa jioni? Mwishowe naye akaamini alisoma vibaya. Hata mimi, Mungu anisamehe, nikiwa sekondari nilimtania kwamba hajui kusoma saa. Alitabasamu tu, akaenda jikoni.

Mtunza nyaraka alirudi na gazeti, akipiga chafya kwa vumbi. Ukurasa wa tatu, chini kabisa: "Jumapili, saa kumi na mbili jioni, kila mtu asogeze saa yake mbele." Nilisoma mara tatu. Mfasiri, masikini, aliiona 12.00 ya kizungu akaigeuza kumi na mbili yetu, kisha akachomeka "jioni" kutoka kichwani mwake ili msomaji asihangaike. Nilitamani kumzaba kofi, popote alipo. Badala yake nikalia, na mtunza nyaraka akajifanya anapanga mafaili.

Nilitoa nakala, nikaaga kazini mapema. Nyumbani nilimkuta mama anakunja nguo, na shangazi kajaa tele kwenye kochi, amekuja kushinda. Afadhali, nikasema moyoni. Nikawasomea wote wawili, kuanzia tarehe mpaka nukta ya mwisho, nikaeleza kosa lilivyotokea. Shangazi aliichukua karatasi akaisoma mwenyewe, midomo ikicheza. Akamshika mama mkono, akasema amemwonea miaka arobaini na moja, akamwomba radhi. Mama alimjibu kwamba yameisha, ila macho yake hayakuwa kwetu.

"Kwa hiyo sikuchelewa," alisema.

"Hukuchelewa, mama. Ulifuata gazeti."

Akakaa, shati langu likiwa mapajani, akiinyoosha kola ambayo ilikuwa imenyooka.

"Kila nikienda kaburini naomba msamaha. Nikimaliza nakuwa nimechoka kulia, narudi zangu nyumbani. Sasa nikienda nitamwambia nini?"

Nilimwambia ampe habari za nyumbani, kama mke yeyote anavyompa mumewe. Akaanza kuzihesabu kwa vidole: paa tulilobadilisha, shangazi aliyestaafu, goti linalomsumbua. Kwenye kidole cha nne akasita, akaninyanyulia macho.

"Jamani," alisema polepole. "Hata sijamwambia kwamba alipata binti."