Samaki wa Komanda Alala Ubavu

Samaki alikuwa amelala ubavu tangu Jumapili, chini kabisa ndani ya sanduku la vioo sebuleni, jicho moja likitazama dari. Alikuwa mla nyama mnene, upana wa sahani ya fufu, mweusi mwenye madoa ya rangi ya machungwa. Kahongya, tajiri mwenye nyumba, alimleta kutoka Dubai akiwa mdogo kama kidole, akamfundisha mpishi wake Kavugho namna ya kumtunza. Kisha vita vikamkuta tajiri safarini, na asiyekuwapo na lake halipo: Komanda mmoja wa waasi akaingia na askari wake katika nyumba ile ya Butembo, akakalia viti, akalalia kitanda, akampenda samaki.

Alimpenda kweli, huyo mtu asiyependa mtu. Kila jioni alimtupia vipande vya nyama ya ng'ombe, akacheka akimwona anavyovirukia. Samaki alipoacha kuinuka, Komanda hakufikiri mara mbili: ametiwa sumu, na sumu hutoka jikoni. Akamfungia Syauswa, mume wa Kavugho na mlinzi wa lango, ndani ya kontena tupu nyuma ya nyumba.

"Hii samaki ikikufa, Mama," akamwambia Kavugho, "bwana yako hatatoka."

Watoto wao walikuwa kwa bibi yao katika mji wa Mutwanga, na wiki ile ile wazazi walipanga kupanda pikipiki ya kupitia Beni wawafuate. Sasa Kavugho alizunguka tu, kutoka jikoni hadi kwenye vioo, kutoka kwenye vioo hadi dirishani alikoliona kontena likiiva juani. Alitia chumvi kidogo majini kama tajiri alivyomwonyesha, samaki hakujali. Alibadilisha maji, hakujali. Askari aitwaye Phinées alishauri dawa ya minyoo ya mbuzi. Siku ile kila mtu alikuwa daktari.

Mwishowe Kavugho aliinama akamtazama vizuri. Magamba yalikuwa safi. Alipumua polepole, bila kuhema. Alipogongewa kioo aliinuka, akaogelea kidogo, akajilaza tena kama mtu aliyeamshwa kwa lazima. Na jicho lile halikuwa na kope. Hapo Kavugho akakasirika, tena si kidogo. Kahongya alikuwa akizima taa kila siku baada ya rozari. Tangu Komanda aingie, jenereta ilinguruma hadi asubuhi na taa ya sebuleni haikuzimwa, maana aliyekalia cha watu huogopa giza. Samaki hakuumwa. Alikuwa ameibiwa usiku wake.

Akafungua kikwembe, kitenge chake cha juu, akafunika sanduku lote, pembe kwa pembe. Kwao, maiti hufunikwa hivyo hivyo wakati ndugu wakingojewa. Phinées akapita, akaona, akavua kofia, akakimbia kupeleka habari ya msiba.

Komanda alikuja mbio, bastola mkononi. Kavugho hakuondoka mbele ya kioo.

"Haikufa, mon commandant. Iko nalala. Haina kope ya kufunga. Taa ikiwaka, kwake ni muchana tu. Tangu mulifika, haiyapata usiku."

Komanda akamwamuru angoje pale pale, amesimama, mpaka ijulikane. Kavugho akasimama alasiri nzima, akisali kimoyomoyo. Jua lilipopungua, maji yakapiga kishindo, kikwembe kikalowa. Komanda akakivuta. Samaki alikuwa juu, mdomo wazi, na kipande cha kwanza cha nyama alikidaka kabla hakijazama.

Komanda akacheka mpaka akakaa chini. Akaahidi kwamba taa itazimwa. Akaamuru kontena lifunguliwe, na Kavugho akaanza kufunga nguo zake.

"Bwana yako aende," Komanda akasema. "Wewe, Mama, utabakia. Nani mwingine anajua namna inalala?"

Syauswa alisimama langoni, midomo imepasuka kwa kiu, akakataa kwenda bila mkewe.

"Enda, Baba Shalom," Kavugho akamwambia. "Batoto baone hata mumoja wetu."

Akaenda, akigeuka kila mara, mpaka Phinées akafunga lango.

Ndani, Komanda alikuwa bado na nyama mkononi. Akauliza samaki wa namna ile huishi miaka mingapi. Kavugho alijua, tajiri alimwambia kumi, hata zaidi, akitunzwa vizuri.

"Haziishi siku mingi, mon commandant," akasema.