Mzee Athanas Bado Yuko Njiani

Kila Alhamisi, saa nane mchana, Bibi Veronika alibandika magimbi jikoni. Yakiiva aliyagawa mafungu matano, akayafunga kwenye majani ya mgomba, akayapanga kwenye ungo, kisha akateremka nayo matuta ya kabichi mpaka kwenye kona ya njia, chini ya shamba lake. Pale pana jiwe. Alikaa juu ya jiwe akamenya njegere. Ilipogonga saa kumi, wabebaji wanne walitokeza kwenye ukungu wakiwa na mumewe kwenye machela.

"Shikamoo mama," alisema Leonard, aliyekuwa mbele upande wa kushoto.

"Marahaba. Mmefikia wapi?"

"Hatuko mbali. Bado kidogo."

Ndivyo alivyokuwa akimjibu kwa miaka miwili na miezi minne.

Wabebaji walikula wamesimama, mkono mmoja kwenye mti wa machela na mwingine kinywani. Mzee Athanas alilishwa na mkewe, kipande kwa kipande, kwa sababu akiinuka machela inayumba.

"Mbuzi kazaa?" aliuliza Mzee Athanas.

"Kazaa mapacha. Mmoja jike."

"Nani alikushikia?"

"Nani tena? Nimeshika mwenyewe."

Mzee alitafuna gimbi. "Kitendawili," alisema.

"Tega."

"Wanne wanatembea, mmoja anasafiri."

"Hilo nalo la kutegea mtu mzima? Ni wewe huyo."

"Umepata. Alhamisi ijayo nitaleta gumu."

Kisha Leonard akasema haya, twende, wakaenda. Bibi Veronika alikusanya majani, akapanda na ungo mtupu.

Watu wa Luhembe wanaijua tabia ya njia yao. Ukibeba kabichi ni kilomita tisa mpaka njia panda ya juu ya Mlali, na ukirudi mikono mitupu ni tisa zilezile, ila za kupanda. Ukibeba mgonjwa, inarefuka. Kwa homa ya kawaida huongezeka kona moja au mbili ambazo asubuhi hazikuwapo. Kwa mama mwenye uchungu huongezeka kilima kizima. Kadiri mgonjwa anavyozidiwa ndivyo njia inavyojinyoosha, na kwa kuwa mlima ni uleule, urefu wa ziada lazima ukae mahali. Urefu wa Mzee Athanas ulijikunja na kupita chini ya shamba lake mwenyewe kila baada ya siku saba.

Aliondoka nyumbani Jumanne moja ya masika, ngiri imembana, uso umekuwa wa majivu. Walifunga blanketi kwenye miti miwili ya mianzi, wanne wakatia mabega. Tangu hapo ngiri haikupona wala haikuzidi. Maumivu yalibaki palepale yalipokuwa siku ile, kama mgeni aliyekaribishwa kiti.

Na machela haituliwi. Hiyo ni desturi ya mlimani, kila mtoto anaijua kabla hajajua sala ya Baba Yetu. Machela inayogusa ardhi kabla ya kufika ni ya maiti. Ukiitua, umeshamaliza habari ya mgonjwa. Kwa hiyo wale wanne walibadilishana mabega bila kutua, na usingizi waliupata wamesimama, wawili wakiegemea mti, wawili wakishika.

Shida ya Bibi Veronika haikuwa njia. Shida yake ilikuwa kwamba hakuna aliyejua amwambie nini. Pole ya mgonjwa ilishapitwa na wakati, na pole ya msiba hakuna aliyethubutu. Hakuvaa nguo nyeusi. Wanajumuiya walipokuja kusali nyumbani kwake walikaa kidogo, wakaaga mapema. Alipompelekea katekista jina la kuombewa kwenye misa, katekista alishika kalamu muda mrefu. Wagonjwa walikuwa ukurasa huu, marehemu ule. Mwishowe alimwandika pamoja na wasafiri.

Margareth, mke wa Stambuli, yule mbebaji mdogo kuliko wote, hakumlaumu hata siku moja. Ila aliacha kuja kuomba moto. Stambuli aliondoka mkewe akiwa na mimba ya miezi saba, na sasa mtoto alikuwa anatembea. Mwanzo Margareth alimleta pale konani kila Alhamisi, lakini mtoto alimlilia baba yake kama anavyomlilia mchinja mbuzi, naye akaacha. Bibi Veronika akawa anakaa juu ya jiwe peke yake.

Taasisi ya Fika Mapema ina ofisi mjini, Mwembesongo, ghorofani, juu ya duka la vipuri. Ni taasisi ya hisani, kazi yake ni kuboresha huduma za uokoaji, na ilikuja mlimani kwa nia njema. Hilo Bibi Veronika hakulikana. Walijenga kituo pale njia panda, wakakipaka rangi ya machungwa. Walileta gari la wagonjwa lenye magurudumu ya kupanda milima. Walitoa namba ya simu ya bure. Walileta machela mpya nyepesi ya chuma cheupe, ikafungiwa kituoni. Ukiihitaji unateremka kilomita tisa kutia saini, kisha unapanda nayo kumfuata mgonjwa. Gari nalo lilikuwa na utaratibu wake. Likipigiwa simu lilikuja mpaka kituoni, likasubiri saa nzima, likageuza. Juu ya kituo halikuruhusiwa kupita, kwa ajili ya bima.

Ukutani mwa kituo kulikuwa na ubao: WALIOFIKA SALAMA 214. WALIOFIA NJIANI 0.

Siku ile ya Jumanne simu ilipigwa. Gari lilisubiri saa nzima. Kwenye daftari dereva aliandika, Mgonjwa hakutokea.

Mwaka wa pili ulipokatika, Bibi Veronika alivaa viatu vya kanisani akateremka mpaka mjini. Ofisini alipokelewa na Ernest, mtu mpole mwenye miwani, aliyemwamkia vizuri na kumpa kiti chenye mto.

"Mume wangu mmemwandika hakutokea," alisema. "Alitokea. Hajafika tu."

Ernest alifungua daftari, akaona. "Bibi, fomu yetu ina visanduku viwili. Amefika, au amefariki."

"Hayumo hata kimoja."

"Naona."

"Basi lipandisheni hilo gari mkamchukue. Alhamisi saa kumi anakuwa konani kwangu."

"Gari haliwezi kupita kituo, Bibi."

Bibi Veronika alitazama ukutani. Kulikuwa na kalenda ya taasisi, na kwenye kalenda gari lilisimama mlimani katikati ya kabichi, taa zimewashwa, ukungu nyuma yake. Lilikuwa limepanda siku moja, ya kupigwa picha.

"Zile ni kabichi zangu," alisema. "Lilinikanyagia matuta mawili."

"Picha ilitoka vizuri sana," alisema Ernest, na alikuwa anasema kweli.

Hata hivyo Ernest alikuwa mtu wa haki. Juma lililofuata alipanda Luhembe na gurudumu la kupimia barabara. Mara ya kwanza alifuatana na wachukuzi wa kabichi, akapata kilomita tisa na mita arobaini. Mara ya pili Bibi Veronika alimwambia afuatane na machela. Alijiunga nayo Alhamisi pale konani, akasukuma gurudumu nyuma yake, na Alhamisi iliyofuata akatokeza palepale, soli ya kiatu cha kulia imeachia na miwani imefungwa uzi. Gurudumu lilisoma kilomita mia moja arobaini na tatu. Fomu ilikuwa na nafasi ya tarakimu mbili, akaandika 43.

"Ni watu wazuri," alimwambia Bibi Veronika, akinywa chai kibarazani. "Mzee anatega vitendawili mchana kutwa."

"Umetegua vingapi?"

"Kimoja."

"Basi umejitahidi."

Baada ya majuma matatu alirudi na karatasi. Alisimama mlangoni, hakutaka kukaa.

"Bibi, nitasema kama lilivyo. Bodi wameipokea ripoti. Wamewapongeza wananchi wa Luhembe kwa sifuri. Sifuri inapigiwa makofi, na kitu kikipigiwa makofi hakibadilishwi. Lakini ikiwa moja, ikisomeka kwamba mtu amefia njiani, moja inaulizwa maswali. Hapo naweza kusimama nikaomba gari lipande."

"Na moja inapatikanaje?"

Ernest alitazama kizingiti. "Wakimtua."

Kuku walikuwa wanachakura uani. Bibi Veronika aliwafukuza kwenye mboga, akarudi.

"Ni uamuzi wa familia," alisema Ernest. "Hapa chini pana sehemu ya dole gumba."

"Wewe ungekuwa mimi?"

"Mimi sijaoa, Bibi."

Alimwachia karatasi pamoja na kidau cha wino.

Ilikuwa Jumatatu. Siku tatu zile Bibi Veronika hakufanya kazi ya maana. Aliwaza wale watakaougua kesho na keshokutwa, wenye majina na wasiozaliwa. Aliwaza Margareth akichota maji na mtoto mgongoni, bila kugeuza uso kwake. Aliwaza kwamba akitia dole atavaa nguo nyeusi, watu watakuja, watakaa mpaka jioni, watamwambia pole ileile anayoambiwa kila mtu, na mambo yatakuwa na majina. Hilo la mwisho alilitamani, na kwa kulitamani alijisikia vibaya, akalipeleka kwenye rozari, nalo halikuondoka.

Alhamisi alipika mafungu matano kama kawaida. Wabebaji walipofika aliwapa chakula, kisha akawaeleza neno kwa neno alivyoelezwa. Walimsikiliza. Stambuli aliacha kutafuna.

"Nikituliwa," alisema Mzee Athanas, "gari litapanda?"

"Wanasema linaweza."

"Kuweza lilikuwa linaweza tangu zamani. Nilikuuliza kama litapanda."

Bibi Veronika alimega kipande kingine cha gimbi.

"Sikatai," alisema Mzee Athanas. "Hawa vijana wamechoka, nawasikia magoti yanalia. Fanya unavyoona. Ila kama ni leo, nimalize kwanza gimbi."

Leonard alisafisha koo. "Mama, wewe ndiye mwenye neno. Ukisema tutue, tunatua. Hatutakuhesabia kosa."

Alimaliza kumlisha mumewe. Alimfuta mdomo kwa upindo wa kitenge. Akawatazama wale wanne mmoja mmoja, mpaka akamfikia Stambuli. Bega lake la kulia lilikuwa limebonyea, mti umejichimbia kitanda chake pale kama kinu, na kichwani mvi zilikuwa zimeanza, naye hakuwa amefikisha thelathini.

"Stambuli, mwanangu, toka hapo."

"Niende wapi, mama?"

"Nyumbani kwako. Mtoto anatembea, na bado hajui sura yako."

"Na mti nani ataushika?"

Bibi Veronika alikuwa anakaza kitenge kiunoni.

"Mwanamke hashiki mti wa machela, mama," alisema Leonard taratibu.

"Sijakuuliza, baba."

Walioshika nyuma walitazamana. Stambuli aliinama, Bibi Veronika akaingiza bega chini ya mti kabla haujaachwa, na machela haikugusa chini. Kisha alitoa kifuani ile karatasi, haina dole, akampa Stambuli amrudishie Ernest. Akamwagiza pia awafungulie mbuzi asubuhi, na yule jike mdogo ampe Margareth awe wake.

Stambuli alisimama kidogo akinyoosha shingo iliyosahau kunyooka. Halafu akapanda kwao. Kwa mtu mwenye afya anayekwenda nyumbani njia haina ugomvi. Alifika kwa dakika kumi na tano. Mtoto alimlilia siku mbili, ya tatu akamzoea.

Karatasi ilifika Mwembesongo. Ernest aliiweka kwenye jalada, akaandika barua nyingine, na nyingine baada ya hiyo. Mwanzoni mwa mwaka kituo kilipakwa rangi upya na ubao ukaandikwa kwa herufi kubwa zaidi ili usomeke kutoka barabarani: WALIOFIKA SALAMA 231. WALIOFIA NJIANI 0. Walipiga picha.

Hayo yalikuwa ya baadaye. Alhamisi ile machela iliiacha kona ya shamba ikateremka kwenye ukungu. Bibi Veronika alikuwa mbele upande wa kulia. Hakuwa amefikiria kwamba anayebeba mbele humpa mgongo anayebebwa. Miaka miwili na miezi minne alikuwa akimwona mumewe mara moja kwa juma. Sasa angekuwa naye kila siku, na asingemwona. Mbele yake kulikuwa na njia tu, ikijinyoosha polepole kama unga unaosukumwa, na kona moja aliyozaliwa akaikuta haikuwa tena mahali pake.

"Veronika," alisema Mzee Athanas nyuma yake. "Bega lako liko chini. Nateleza."

"Mimi ni mfupi kuliko Stambuli. Ulikuwa unajua hivyo wakati unanioa."

Walivuka kijito ndipo mzee akasema tena.

"Basi mwambie Leonard ashushe la kwake."

Leonard alishusha la kwake, na machela ikakaa sawa.